Minandi wa Jiwe Jeupe

Jumatano, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu Kokushubila aliinua darubini yake amtazame mdiria aliyekuwa akielea hewani juu ya mafunjo, akaona kiatu. Kilikuwa kiatu cha ngozi, kamba zimefungwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na mguu.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu kutoka Bukoba, aliyefundisha baiolojia miaka thelathini, na alikuwa amekuja Hifadhi ya Kisiwa cha Ruhegeza kwa siku nne kutazama ndege. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua tatu, akamshika mkono Kaitira, askari wa hifadhi aliyekuwa akimsindikiza.

"Baba, usikaribie maji," alimwambia kwa sauti ndogo. "Kile kiatu ni cha Masatu."

Masatu Majura alikuwa mwongozaji wa wageni. Saa kumi na mbili na robo alfajiri ile aliondoka kambini kwa miguu, aje hapa Ghuba ya Mafunjo kumtengenezea Mwalimu maficho ya kutazamia ndege. Sasa alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, na mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko.

"Mamba," alisema Kaitira. "Mtu wa nne mwaka huu."

Siku ile, ukimwondoa dereva wa boti, hakuna mtu kisiwani aliyesogelea ziwa, hata kuosha kikombe. Mpishi alipika kwa maji ya mvua.

Sajenti Nyamizi Kasele alifika saa saba mchana. Aliletwa kutoka bara na Bituro, dereva wa boti ya hifadhi, na njia nzima alishika kiti kwa mikono miwili.

"Afande, huogelei?" Bituro alimuuliza.

"Sijawahi hata kujaribu."

"Basi kaa katikati." Macho ya Bituro yalikuwa mekundu. "Marehemu ni shemeji yangu, kamwoa dada yangu Nyangeta. Yuko bara, kijijini Nkonze, ameshapata habari. Nitamtazama vipi?"

Nyamizi alimpa pole. Miguuni pake kulikuwa na kafi moja. Akauliza la pili liko wapi, maana hofu yake ilikuwa inahesabu kila kitu kinachoweza kumfikisha nchi kavu.

"Lilivunjika wiki iliyopita," alijibu Bituro. "Usiogope, injini nzima."

Maiti ilikuwa imelazwa kwenye chumba cha stoo, ikimsubiri daktari kutoka Geita. Nyamizi alimwomba Mwalimu aingie naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeigundua. Alipofunua shuka, mwanamke yule mzee aliinama karibu kuliko polisi mwenyewe.

"Sajenti, tazama hii shati. Mtu akatwe mkono akiwa hai, shati ibaki hivi?"

Kweli, mkono wa shati ulikuwa umechanika lakini hauna damu. Damu yote ilikuwa kwenye kola. Nyamizi akageuza kichwa cha marehemu taratibu. Kisogoni palikuwa na ufa mmoja, mrefu, ulionyooka.

"Mamba huvuta," alisema Mwalimu. "Hapigi."

"Kwa hiyo mamba alimkuta ameshakufa."

Wakatazamana. Kisiwa hakikuwa na kijiji. Mlikuwa na watu tisa tu, pamoja na marehemu, na usiku wa kuamkia siku ile wote walikuwa wamekula meza moja. Mwalimu akaenda akafunga mlango ambao ulikuwa umeachwa wazi.

Mfukoni mwa marehemu mlikuwa na kifuko cha nailoni, na ndani yake manyoya mawili, moja la kijivu na jingine jekundu kama pilipili iliyoiva.

"Kasuku," alisema Mwalimu. "Hili jekundu ni la mkia. Ni kinda, bado hajaruka." Akalileta puani. "Linanuka petroli."

Saa tisa alasiri Nyamizi alianza kuhoji, kwenye ukumbi wa chakula. Wa kwanza alikuwa Kaitira.

"Masatu alikuwa na adui?"

"Mmoja. Lubango, mvuvi wa Nkonze. Wiki mbili zilizopita Masatu alimkuta anatega ndani ya hifadhi, tukazichoma nyavu zake. Alisema mbele yetu sote, 'Ipo siku ziwa litanilipia.'"

"Asubuhi ya leo ulisikia nini?"

"Injini ya boti, saa kumi na mbili na nusu. Bituro alikuwa anaondoka. Gati liko nyuma ya mwamba, sikumwona."

Bituro alipoitwa hakukwepa swali. "Nilikwenda Nkonze kutafuta petroli. Muuzaji hakuwa amefungua, nikageuza. Nilifika hapa saa mbili na robo, punde nikasikia kilio."

"Ulipita njia gani?"

"Njia ni moja, afande. Mkondo wa Jiwe Jeupe. Kwingine kote ni miamba."

Kaitira alithibitisha. Ukitoka gatini kwenda bara, unageuka kaskazini na kupita chini ya Jiwe Jeupe. Kusini iko Ghuba ya Mafunjo, na huko kuna mamba tu.

Nyamizi alikumbuka kwamba kibanda cha Mwalimu kinatazamana na jiwe lile. Akamfuata.

"Nililala mpaka saa moja na nusu, kichwa kiliniuma," alisema Mwalimu. "Lakini kamera yangu haikulala. Naiweka kwenye miguu yake mitatu, inajipiga yenyewe kila dakika tano, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Nahesabu minandi."

Nyamizi alizitazama picha zote ishirini na tano, kila moja na saa yake pembeni. Zilifanana kama sare za shule: jiwe lililopakwa mavi ya ndege kama chokaa, na juu yake minandi weusi, mabawa wazi, wakijikausha.

"Mkondo hauonekani?"

"Uko chini zaidi. Humo ni ndege tu."

"Ndege tu," alirudia Nyamizi, akairudisha kamera.

Saa kumi na moja jioni wakamleta Lubango. Alikutwa kwenye kichaka upande wa mashariki, mtumbwi ameufunika matawi, nyavu mpya chini. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, na hakuonekana kuwa na haraka ya kuogopa.

"Ulisema ziwa litakulipia?"

"Nilisema. Wewe ukichomewa nyavu mbele ya wanao utaimba pambio?"

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala chini ya mtumbwi. Shahidi wangu ni mbu."

"Mtumbwi wako una injini?"

Lubango alicheka. "Injini! Ningekuwa na injini, huyu Kaitira mwenye kitambi angenikamata?"

Nyamizi hakucheka. Kutoka juu waliamuru kwa redio kwamba mtuhumiwa avushwe kesho asubuhi, na moyoni alishukuru. Mtu mmoja akifungwa pingu, wengine wanane unaweza kuwapa kisogo. Hofu ilimtaka muuaji awe Lubango. Lakini yale manyoya yalikuwa yananuka petroli, na jambo hilo halikumtoka kichwani.

Alhamisi, saa moja kasoro dakika tano, boti iliondoka gatini. Lubango alikaa mbele, amefungwa pingu mikono ikiwa kifuani. Nyamizi alikaa katikati. Bituro alikuwa nyuma kwenye injini. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa.

Walipofika chini ya Jiwe Jeupe, minandi wote waliruka kwa pamoja. Kelele za mabawa zilimshtua Nyamizi, akajikunja. Ndani ya kufumba na kufumbua jiwe lilibaki tupu, jeupe.

"Waoga hawa," alisema Bituro. "Wakisikia injini tu, wamekwenda. Hawarudi mpaka jua liwe kali, saa tatu, saa nne huko."

"Kila mara?"

"Kila mara. Miaka sita napita hapa."

Nyamizi alitazama jiwe tupu. Jana, tangu saa kumi na mbili mpaka saa mbili, picha ishirini na tano, jiwe lilikuwa limejaa. Jana hakuna injini iliyopita hapa; ile aliyoisikia Kaitira ilikwenda kusini, ghubani.

Hakugeuka. Alijaribu kupumua kama mtu anayetazama mandhari, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kupapasa mfuko wa suruali, ulipokuwa ufunguo wa pingu.

Injini ikazimwa.

"Afande, umenyamaza sana," alisema Bituro.

"Boti imeharibika?"

"Boti nzima. Mwalimu alikuonyesha picha jana, sivyo? Mpishi aliniambia. Nikasema moyoni, ndege tu, ndege watasema nini." Akainuka na lile kafi. "Sasa na mimi mwenyewe nimekupa jibu kwa mdomo wangu."

Nyamizi aligeuka na kuchomoa bastola. Bituro aliweka mguu mmoja ukingoni, akaitikisa boti. Maji yalimrukia Nyamizi usoni, na mkono wake wa kushoto ukashika kiti bila kuagizwa.

"Piga. Nikianguka na boti inapinduka. Wewe ni jiwe, na huyo ana pingu. Nitawaambia mfungwa alileta fujo. Nani atakataa? Walioliwa na mamba wanne, watano, sita."

"Masatu alikuwa shemeji yako, Bituro."

"Masatu alikuwa mtakatifu!" Sauti yake ilipanda. "Alikuta manyoya chini ya dumu la petroli. Nilikuwa nimechukua makinda ya kasuku kumi na moja tu. Kumi na moja, msitu mzima! Jumapili akaniita pembeni, akasema, 'Shemeji, mpaka Ijumaa uende mwenyewe kwa Kaitira. Sitakutaja, nenda mwenyewe.' Alidhani ananihurumia. Niende nikafungwe, wanangu wale nini? Nilimfuata ghubani nikamwomba. Akanipa mgongo, anakata mafunjo ya mgeni wake, ananiambia Ijumaa, Ijumaa..."

Wakati akisema, Nyamizi alikuwa ameachia kiti. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Mkono wa kushoto ulipita nyuma ya mgongo wake, ufunguo ukiwa kati ya vidole viwili. Aliunyoosha kwa mtu ambaye usiku kucha alikuwa amemwita muuaji. Muda mrefu hakuna aliyeupokea. Kisha vidole vikavu, vigumu kama kamba, vikauchukua.

"Sajenti," Lubango alinong'ona, "nikisema lala, lala."

Bituro aliinua kafi.

"Lala!"

Nyamizi alijitupa sakafuni. Kafi lilipita hewani juu yake, na papo hapo Lubango akauangusha uzito wake wote upande mmoja. Boti ililala ubavu. Maji yaliingia. Bituro alipiga hatua ya kutafuta mguu mwingine, hakuupata, akaanguka ziwani na kafi mkononi.

Alipoibuka alikuwa mtu mwingine. Macho yalikuwa yamemtoka. Ng'ambo ya mkondo, ukingoni, gogo lililokuwa juani lilikuwa limejisogeza majini kimya kimya.

"Nivuteni!" alilia. "Jamani, nivuteni! Afande! Mama yangu!"

Lubango alimtazama Nyamizi. Alikuwa anangoja kuambiwa.

Nyamizi alitazama ziwa likichorwa mstari mwembamba, unaokuja. Ilipita pumzi moja ambayo baadaye hakupenda kuikumbuka.

"Mvute," alisema.

Lubango akalikamata kafi ambalo Bituro alikuwa hajaliachia, wakavuta yeye na Nyamizi, mpaka Bituro akaingia botini kama samaki, akitapika maji. Boti iligongwa kwa chini mara moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha kimya. Lubango akawasha injini.

Wakamfunga Bituro kwa kamba ya nanga, maana pingu zilikuwa zimeangukia ziwani. Njiani aliyasema yaliyobaki bila kuulizwa, meno yakigongana. Kafi la pili alilizamisha ghubani, baada ya kumpiga nalo Masatu. Makinda alimuuzia mtu wa mjini ambaye hakujua jina lake kamili. Mamba hakumtegemea; alikuja mwenyewe.

"Na nyavu zangu, Sajenti?" Lubango aliuliza, mkono kwenye injini.

"Kesi ya nyavu ipo pale pale."

"Najua. Nauliza tu."

Ufukweni Nkonze wanawake walikuwa wamekusanyika. Mbele yao alisimama Nyangeta, kanga nyeusi kichwani, akiisubiri boti hiyo hiyo imvushe akamwone mume wake. Boti ilipokwama mchangani aliingia majini mpaka magotini. Akamwona kaka yake amelowa, amefungwa.

"Kaka! Wamekufanya nini?" Alimkumbatia kichwa. "Afande, huyu amefiwa! Mnafunga wafiwa siku hizi? Mfungueni! Amebaki yeye tu, sina mwingine!"

Nyamizi aliteremka.

"Mwambie," alimwambia Bituro. "Ukishindwa nitasema mimi. Lakini mwambie wewe."

Bituro alifungua mdomo. Aliitazama mikono ya dada yake iliyokuwa kifuani pake, ikimkamua maji kwenye shati.

"Nyangeta," alisema, basi.

Mikono ile ikasimama. Nyangeta alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma barua kwa taabu, kisha akamwachia. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, upande wa kina, maji yakimpanda mapajani. Wanawake ufukweni walikuwa wameganda. Lubango ndiye aliyeruka kutoka kwenye boti, akamshika mkono.

"Toka majini, dada," alimwambia. "Twende. Toka majini."