Aliyepiga Picha Alikuwa Ameketi

Jua lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye mapaa ya Bombambili, limebaki kileleni mwa mlima Matogoro tu, Fausta alipojitwika beseni la unga na kushika njia ya Mfaranyaki. Unga wenyewe ulikuwa wa mahindi mapya, na kwao Maposeni unga wa kwanza hauliwi ukaisha kabla ndugu hajaonjeshwa. Ndugu wa Fausta alikuwa mmoja tu, mdogo wake Lidwina. Angempa unga, angemchukua binti yake Beata, ambaye Lidwina alikuja kumchukua mchana ashinde naye, na wangerudi kabla kiza hakijakolea. Akilini alishaanza kumwona Beata akimkimbilia, mikono wazi, akiita "Mama!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kila jioni, hata kama mama alikuwa ametoka kisimani tu.

Njiani angempitia Bakili, kijana mpiga picha, maana kifuani mwa gauni alikuwa amechomeka picha mbili alizotaka zitolewe nakala.

Kwenye kona jirani yake Notburga akamtania.

"Mama Beata! Unga wote huo? Au umepata bwana mwingine huko Mfaranyaki?"

Fausta alifungua mdomo acheke. Ikatoka pumzi. Pumzi kavu, tupu. Notburga akajifanya hakuona, akainamia matembele yake.

Zamani utani kama huo ungemwangusha Fausta chini. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, na watu walisema hata mwenye madeni akikisikia husahau njia aliyotaka kukimbilia. Lakini tangu mvua zilipokatika, kicheko hicho hakikusikika tena. Si kwamba alinuna. Alitaka kucheka, akajaribu, akakikosa.

Habari yenyewe ilianza na picha.

Miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yalipojaa vitu na mitumba ikamwagwa hadi barabarani, picha za rangi nazo zilifika Songea. Ila kupiga picha ilikuwa shughuli. Unaoga, unapaka mafuta, unavaa gauni la Pasaka, unakwenda kusimama mbele ya maua ya plastiki, mkono juu ya redio isiyo yako, shingo umeikaza mpaka inauma. Picha ikija unaona gauni na redio. Wewe mwenyewe huonekani.

Ndipo Lidwina alipowaletea bahasha.

"Dada, kuna mtindo mpya umetoka Dar es Salaam," alisema. "Mtu anapigwa bila kujua. Bakili ndiye anayezipiga, anapita uani kimyakimya."

Picha ya kwanza ilikuwa ya Fausta jikoni, kanga imelegea, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, kichwa kakirusha nyuma anacheka, meno yote nje. Ya pili ilikuwa ya mumewe Optatus, kachuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, midomo kaichongoa, anapiga mluzi wake ule wa kila asubuhi.

Optatus aliishika picha ya mkewe akaitazama sana. Kisha akaenda ukutani, akashusha ile ya harusi, waliyosimama kama washitakiwa, akaipachika hii mpya mahali pake.

"Huyu ndiye niliyemwoa," alisema.

Na kweli zilikuwa nzuri, tusiwalaumu. Hakuna aliyejiandaa, hakuna aliyejificha. Jioni walikaa wakizitazama kwa koroboi, wakishangaa kwamba maisha yao, yaliyojaa moshi na masufuria meusi, yalikuwa na uzuri kiasi hicho.

Wiki hiyohiyo mluzi wa Optatus ukamwishia mdomoni. Midomo ilichongoka, upepo ukapita, sauti hakuna. Kicheko cha Fausta kikafuata. Zahanati walitazama koo wakasema ni zima. Lidwina akaja kuwapa pole, akaketi jikoni kwenye kigoda chake na ungo mapajani.

"Ni uchovu tu, dada. Utapita."

Fausta alimwamini. Angeachaje? Mama yao alipofariki, Lidwina alikuwa hajaota jino. Fausta ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha, akamwoza. Ndoa ilipovunjika kwa kukosa mtoto, ni Fausta aliyekwenda kumchukua, akamtafutia chumba Mfaranyaki, akawa anampa Beata ashinde naye ili apoze upweke. Huyo hakuwa mdogo wake tu. Alikuwa mwanawe wa kwanza.

Fausta alipofika, Bakili alikuwa anafunga kibanda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka nakala za hizi picha ulizotupiga."

Kijana alizisogeza kwenye taa. Akazigeuza nyuma, akazigeuza mbele.

"Hizi sikupiga mimi, mama."

"Mdogo wangu Lidwina amesema ni wewe."

"Namfahamu. Huwa anakuja kununua bahasha. Bahasha tupu." Bakili akakuna shavu. "Leo mchana amechukua moja tena, alikuwa na mtoto. Amecheka sana. Ana kicheko kizuri yule dada."

Tangu kuzaliwa, Lidwina alikuwa mtu wa kutabasamu kwa pembe ya mdomo. Hakuwahi kumsikia akicheka.

Bakili alikuwa bado anaichungulia picha ya jikoni. Akashusha sauti.

"Aliyepiga hii alikuwa ameketi, mama. Chini, kwenye kigoda. Magoti yake haya hapa."

Kweli, ukingoni mwa picha kulikuwa na magoti mawili ndani ya kitenge cha tausi. Fausta siku zote alidhani ni kivuli. Juu ya magoti kulikuwa na ungo wa maharage. Na juu ya maharage, mikono miwili ikichambua. Wa kushoto ulikuwa na kovu refu, la uji uliommwagikia Lidwina utotoni. Fausta ndiye aliyelipaka asali hadi likapona.

"Mikono yote miwili iko kwenye ungo," Bakili alinong'ona. "Sasa kamera..."

Fausta aliikumbuka siku ile. Jikoni walikuwa wawili tu, yeye na Lidwina. Hapakuwa na kamera. Hapakuwa na mtu uani. Kilichokuwa ndani ya picha ni kile hasa Lidwina alichokuwa anakitazama.

Bakili alimrudishia picha kwa ncha za vidole, kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama," alisema, "kamchukue mtoto."

Beseni la unga alilisahau pale pale.

Alitembea, akakimbia, akatembea tena. Ukungu ulikuwa unashuka, na baridi ya Songea unaijua, inaingia hadi kwenye mifupa. Mfaranyaki watu walikuwa wanawasha majiko. Nyumba ya Lidwina haikuwa na moshi. Ilikuwa na harufu... harufu ya nywele zilizoungua.

Akasikia mluzi.

Ulikuwa ule wa kila asubuhi, wa baiskeli iliyopinduliwa, na pale kwenye sauti ya mwisho ulipinda kidogo kama Optatus alivyoupinda siku zote. Optatus alikuwa nyumbani Bombambili. Alimwacha amekaa, bubu wa midomo, anakaza tairi.

Fausta alisogea mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," aliita.

Mluzi ukakatika.

Kisha ndani mtu akacheka. Kicheko cha kuanzia tumboni, cha kupasuka, cha meno yote nje. Fausta alikitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Milele, amina. Karibu, dada."

Lidwina alifungua mlango. Amevaa kitenge cha tausi. Chumbani hakukuwa na mwanamume, hakukuwa na mtu mwingine ila Beata, ameketi mkekani, amewapa mgongo.

"Umenifanya nini, Lidwina?"

"Punguza sauti. Mtoto amechoka."

"Nakuuliza, umenifanya nini!"

Lidwina alitazama chini, kama alivyokuwa akitazama chini akiwa mdogo na amevunja chungu.

"Nilijaribu kwanza na zile za studio," alisema polepole. "Hazikufaa. Mtu akijua anatazamwa hujifunga. Asiyejua yuko wazi, unaingia tu."

"Nani alikufundisha?"

"Usiniulize hilo." Macho yake yalikwenda kwenye kona yenye giza, yakarudi upesi. "Kulitaja jina lake ni kuliita."

"Mimi nilikubeba, Lidwina. Nilikubeba mgongoni! Ungeniomba chochote ningekupa."

"Ulinipa chochote, dada. Ulinipa chumba, ulinipa unga, ulinipa mtoto wa kushinda naye na jioni ukaja kumchukua." Akamtazama dada yake. "Kisha ukacheka. Kila siku nachambua maharage yako, na wewe unacheka. Kicheko hakiombwi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, wala hawakukosea. Lakini hakuna aliyemwambia Fausta kwamba kinaweza kuwa kile ulichokifunga mgongoni mwenyewe kwa kanga yako. Moyo ulimuuma kuliko siku waliyomzika mama yao. Angelia, ila alikuwa na jambo moja tu la kufanya.

"Beata. Mama nimekuja. Twende nyumbani."

Mtoto akageuka. Akamtazama kwa upole. Akainuka, akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," alisema.

Mtoto wake hakuwahi kumwamkia hivyo, kwa adabu ya kumwamkia mgeni. Siku zote alimkimbilia.

Juu ya meza ndogo palikuwa na bahasha. Aliifungua. Picha ilikuwa bado mbichi, inanata vidoleni. Beata mbele ya nyumba yao Bombambili, mguu mmoja hewani, mikono wazi, mdomo wazi kwenye "Ma...". Anamkimbilia anayetazama. Fausta akaishika kwa mikono miwili aichane.

"Ukiichana," Lidwina alinong'ona, "unachana kilichomo."

Fausta akaishusha picha, akaichomeka kifuani mwa gauni.

"Mchukue mtoto. Nenda naye. Miguu yake ni yako. Mimi nilichokitaka ninacho."

Akacheka kidogo, akaziba mdomo, kama mtu aliyeona aibu. Fausta alimshika Beata mkono wakatoka. Mtoto alitembea vizuri, hakulia, hakuuliza. Njia nzima mkono wake ulitulia katika kiganja cha mama, baridi, kama kitu cha kuazima.

Asubuhi yake Optatus alikwenda Mfaranyaki na vijana wawili wa kanisani. Walikuta mlango wazi na chumba kitupu. Kigoda kilikuwa katikati ya chumba, kimeelekezwa kwenye kona, na mbele yake sakafu ilikuwa nyeusi kama palikuwa na moto wa muda mrefu. Mwenye nyumba alisema hakusikia mtu akihama. Alisikia tu mwanamke akicheka barabarani alfajiri, akadhani ni wasafiri wa basi. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka nyumba zote mbili, akasali vizuri sana, akaenda zake.

Majirani sasa wanamsifu Beata. Mtoto ana adabu, wanasema, anaamkia, analeta kigoda, hapigi kelele. Fausta anaitikia "Marahaba" kwa mwanawe wa kumzaa na kuingia ndani haraka wasimwone machozi. Picha ya mbio ameifunga kwenye kitambaa, ameiweka chini ya godoro. Kuichana hathubutu. Kuitazama ndiyo adhabu, maana humo mtoto bado anamkimbilia mtu, na kila akiitazama anajiuliza ni nani.

Jana jioni Fausta alikuwa akisonga ugali alipomwona Beata ameacha kucheza. Mtoto alikuwa amesimama kizingitini, uso barabarani, ukungu ukipita miguuni.

"Beata, ingia ndani, kuna baridi."

Beata hakugeuka. Taratibu alifungua mikono, akaipanua, kama zamani. Fausta akaacha mwiko sufuriani, akapiga magoti nyuma ya mwanawe, akapanua mikono yake pia.

"Niko hapa, mwanangu. Geuka."

"Subiri," Beata alisema. "Mama anakuja."

Kutoka kwenye ukungu, huko njia ya Mfaranyaki, mtu alianza kucheka. Fausta alikijua kicheko hicho. Kilikuwa chake.

Mtoto akakimbia.