Ukuta Ulioungua Saa ya Ijumaa

Saa nane kasoro robo mchana, Hatibu Mansuri, fundi wa kuosha kuta, alirudi kutoka swala ya Ijumaa huko Mwembesongo, akakuta ukuta aliouacha ukimeta unatoa povu.

Ulikuwa ukuta wa mbele wa nyumba ya Kijerumani, juu kwenye mtaa wa Kilakala, wenye chokaa iliyozidi umri wa miaka mia. Kuanzia usawa wa bega la mtu mfupi kwenda chini, chokaa ilikuwa imeliwa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Chini ya ngazi ya Hatibu palilala dumu tupu la asidi ya kusafishia vigae.

Saa tisa kamili aliingia Sajenti Bernadeta Lukasi. Kabla ya kuvaa magwanda aliuza mboga sokoni miaka minane, na huko alijifunza kwamba anayeapa sana ndiye mwenye nyanya zilizooza chini ya tenga.

"Mfungeni," alisema Mzee Ezekiel, mwenye nyumba. "Mnunuzi wangu anakuja Jumatatu. Wenye nyumba za kale mji huu tunajuana wote. Huyu hataosha tena hata kibanda cha kuku."

"Shikamoo kwanza, mzee. Kufunga ni kazi rahisi, ufunguo ninao. Kumfungua niliyemfunga bure ndiko kunakoninyima usingizi."

Dada mkubwa wa mzee, Bi Yuliana, alikuwa amesimama mlangoni na khanga mabegani. Alisema alikuwa amelala, hakusikia kitu.

Hatibu alikuwa ameketishwa kiti cha nyuma cha gari la polisi. Majirani langoni walikuwa wakimpiga picha kwa simu.

"Wewe fundi," Bernadeta alimwambia, "unaoshea nini kuta zako, machozi?"

"Maji yasiyo na nguvu, sabuni laini, brashi ya nywele. Kwanza najaribu kipande kidogo nyuma ya tangi, nangoja siku mbili. Asidi kwenye chokaa, afande, ni chumvi kwenye konokono."

"Na maua ya chini?"

"Nafunika safu nzima kwa turubai. Nikienda swala naliondoa, maana jua likipiga majani yanaiva kama kisamvu. Leo nimeliondoa saa sita na dakika ishirini, likakunjwa likawekwa pale."

Turubai lilikuwa pale pale, limekunjwa, kavu, halina hata tone.

Bernadeta alichuchumaa. Waridi tano za kuletwa kutoka Dar zilikuwa zimeungua majani yote. Katikati yake kulikuwa na shina la mchaichai lililokatwa karibuni, fupi, kijani kibichi. Udongo ulikuwa na alama ya duara ikilizunguka, kubwa kama mdomo wa beseni. Nje ya duara nyasi zilikuwa zimekufa, na ndani zilikuwa hai.

Akamwita Jastin, muoshaji mwenye mashine ya presha, ambaye mlinzi alimwona langoni saa saba.

"Nilikuja kuomba kazi," alisema Jastin.

"Ya mwenzio aliyekwenda kusali. Una roho isiyokobolewa wewe, kama unga wa dona wa sokoni."

"Nina njaa, afande. Lakini mashine sikuja nayo, na umeme umekatika tangu saa sita. Halafu mashine yangu inatoboa, haichomi."

"Ungeambiwa ufunike mmea mmoja tu hapa, ungefunika upi?"

"Waridi. Hayo majani ya chai yanaota hata chooni."

Bernadeta alimgeukia Ezekiel. "Mzee, mchaichai huu kaupanda nani?"

"Nitajuaje? Miaka thelathini nimekaa Dar. Nimeshasema ung'olewe kesho, unaharibu sura ya nyumba. Na kama unataka kujua, saa sita hadi saa nane nilikuwa mjini kwa wakili. Mpigie."

Alipiga. Wakili akathibitisha.

Bernadeta akaenda jikoni, akarudi na beseni la bati. Aliliinua juani. Mgongoni, rangi ya kung'aa ilikuwa imebabuka kwa matone ya kijivu.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Yuliana.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwizi wa kazi angeacha vyote viungue. Fundi angefunika vyote. Mwenye mali angefunika waridi. Aliyemwaga asidi alitafuta mmea usio na thamani kwa yeyote, akauwekea beseni kwanza. Humu ndani nani anaujua?"

Bi Yuliana aliketi kwenye ngazi za baraza.

"Aliupanda mama," alisema. "Kila asubuhi naukata, nachemsha chai yake. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, na mama alituachia wote wawili. Ezekiel alirudi mwezi uliopita na karatasi yenye jina lake peke yake. Nikasema, ukuta ukiwa na vidonda, mnunuzi atarudi alikotoka."

"Ulisema umelala," Ezekiel alisema polepole.

"Na wewe ulisema umekuja kunisalimia."

Bernadeta aligeukia gari la polisi.

"Na huyu kijana wa watu, mama?" aliuliza.

"Dumu nililiacha kwa hofu. Nilidhani watamgombeza tu. Nilipoona anaingizwa gari la polisi, ulimi ukanigandia."

Ezekiel akasema hatamshtaki dada yake.

"Hilo mtaandika kituoni," Bernadeta alijibu, "na karatasi yako tutaisoma pia. Fundi, shuka, uko huru."

Hatibu hakushuka.

"Afande, wamenipiga picha nikiingia humu. Nikitoka kimyakimya, mjini nitabaki mchoma kuta."

Bi Yuliana aliinuka. Alikwenda hadi langoni, akiburuta mguu mmoja, akasimama mbele ya simu zote.

"Pigeni na mimi," alisema. "Ukuta nimeuchoma mimi, Yuliana. Huyu hana kosa."

Akangoja hadi simu ya mwisho ikashushwa. Ndipo Hatibu akashuka, akavaa glavu, akavuta mpira wa maji.

"Mama, sogea kidogo," alisema. "Asidi bado inakula. Nikiisuuza sasa kwa maji mengi, robo tatu ya ukuta itapona."

Bi Yuliana alisogea, akamfungulia bomba.