Mwimbaji wa Kiitaliano Aliyesema Maneno ya Biasha

Siku walipokutana, kijana Waziri alimkanyagia Biasha buibui katikati ya soko la Ukunda, na badala ya kuomba radhi akatangaza kwa kipaza sauti alichokuwa akitangazia sinema: "Wananchi, mrembo huyu nimemkosea!"

Soko zima likacheka. Biasha, kanga ya waridi ikichungulia chini ya buibui, alitaka kumzaba kibao. Akajikuta anacheka pia. Hapo mapenzi yakaanza, na hapo ndipo alipopaswa kujihadhari na kijana asiyejua kunong'ona.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Waziri alizunguka pwani ya kusini na gari la sinema, akiwafasiria watu picha kwa Kiswahili. Biasha aliunganisha simu katika posta ya Msambweni.

"Unataka namba gani?"

"Yako, laazizi."

Katika simu hizo Biasha alimweleza siri yake. Ami yake Kibwana, aliyemlea tangu babake afariki, alitaka kumwoza Dzombo, tajiri wa Vanga mwenye meno ya dhahabu. "Heri niolewe na mlingoti wa simu," alisema Biasha, na Waziri akacheka hadi akapaliwa.

Jumamosi moja alasiri, madirisha ya ukumbi wa Msambweni yalizibwa kwa magunia, ikaonyeshwa tamthilia ya kuimbwa ya Waitaliano, iliyopigwa picha jukwaani kwao. Binti wa kabaila anatolewa kwa bwana asiyemtaka, na mwisho anakunywa sumu. Mwimbaji aliyeigiza binti huyo, gauni la hariri likiburura, alilivuta neno moja kwa sauti nyembamba, likapanda, likashuka, lisiishe. Waziri hakujua Kiitaliano. Karatasi aliyopewa ilisema tu: binti analia. Watu wakaanza kupiga miluzi.

"Binti anasema," Waziri akapaza sauti, "heri niolewe na mlingoti wa simu kuliko mzee mwenye meno ya dhahabu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha, kwa kuwa posa ya Dzombo ilijulikana mji mzima, vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumtazama Biasha. Uso ulimwaka moto. Ami Kibwana, kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka, alisimama akatoka. Nyumbani ndiko alikosema:

"Umenivua nguo mbele za watu. Kazi ya simu basi. Ijumaa unaozwa."

Jumatatu Biasha alikwenda posta kuaga. Simu ikalia.

"Biasha, mpenzi, nisikilize..."

"Namba hiyo haipo."

"Yule mama aliimba, akaimba! Nilikwama. Kichwani mwangu hamna ila maneno yako."

"Ungeyaacha humo humo! Nilikupa wewe, sikuipa Msambweni nzima. Ami anipangia mume, wewe wanipangia pa kusemea. Mna tofauti gani?"



"Nifanye nini, Biasha?"

"Njoo kwa ami leo alasiri. Ukae. Ufunge mdomo."

Alikuja amefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kueleza kwamba..."

"Waziri!" Biasha akamkata. "Leo humfasirii mtu." Akamgeukia Kibwana. "Ami, maneno yale ni yangu. Simtaki Dzombo. Hata kadhi humwuliza mwari kabla ya kufunga ndoa. Wewe uliniuliza lini?"

Kibwana, mtu wa swala tano, alijua hilo ni kweli.

"Dzombo nitamwambia nini?"

"Mwambie nimekataa. Ukiona haya, nitampigia simu mwenyewe."

Kibwana akatafuta wa kumtolea ghadhabu. "Na wewe, domokaya! Wataka nini hapa?"

Waziri alimtazama Biasha kwanza.

"Sema," Biasha akamwambia. "Hilo ni lako."

"Namtaka Biasha, mzee." Ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu mwenye homa.

"Posa huletwa na wazee! Walete, niwafukuze mbele ya macho yako."

"Nitawaleta kesho."

"Na wakifika," Biasha akasema, hasira ingali machoni, "waniulize mimi kwanza."