Mtu wa Kumi na Sita

"Nitajie! Mwanamke gani mchumba wangu alirudi kumfuata?"

"Punguza sauti, shoga yangu, watu wanasikia."

"Wasikie! Si ndio wanaojua kuliko mimi?"

Kweli tulikuwa tunasikia. Ghorofa nzima ya pili milango ilikuwa wazi nusunusu, kila mtu ghafla amekumbuka kufagia kizingiti chake. Mshonaji alikuwa amemzibia msusi ngazi, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Miaka sita walikuwa majirani wa mlango kwa mlango, wakipeana chumvi na siri.

Wiki tatu nyuma, watu kumi na sita waliondoka na mabegi mgongoni kutembea siku tano kwenye pwani isiyo na kijiji wala barabara. Msusi alikuwemo. Fundi friji, mchumba wa mshonaji, alikuwemo. Walirudi kumi na tano. Fundi bahari ilimtema baada ya siku mbili, akaletwa amefunikwa.

"Mlisema alirudi nyuma ya rasi kumtafuta mtu aliyebaki. Uongo?"

"Kweli."

"Mbona hakubaki mtu? Nyote mlifika kambini! Alimfuata nani?"

Hapo ndipo midomo yetu ilikuwa imeshona gauni bila kitambaa. Eti kambi ya nyuma kulikuwa na mwanamke. Eti fundi alikuwa na miadi.

Mshonaji akatoa simu, akasoma ujumbe wa mwisho wa fundi:

"Nimepanda kilima kutafuta mtandao. Miguu malengelenge matupu. Kesho tunapita rasi maji yakipwa. Jumapili unipime suti upya, nimekonda. Nakupenda, sindano yangu."

Akamtazama msusi.

"Mtu anaandika hivi huku ana mwingine? Wewe ulikuwepo. Niambie tu. Mpaka leo nashindwa kumlilia!"

Msusi akaketi kwenye ngazi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu watu."

"Unasemaje?"

"Kila tukisimama, kazi yangu ni kuhesabu. Siku ile mvua, ukungu, wote tumejifunika makoti mpaka puani. Tumeshavuka rasi, maji yanajaa. Nikahesabu, kumi na tano. Nikarudia, kumi na tano. Nikapiga kelele, mmoja hayupo! Yeye akatua begi, akasema, 'Namfuata, ninyi pandeni juu.'"

"Na huyo mmoja?"

"Ni mimi. Nilisahau kujihesabu."

Mifagio yote ikanyamaza.

"Nilipogundua, ameshakata kona. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikachanika. Mawimbi yakaimeza. Anamtafuta mtu, na mtu mwenyewe yuko huku nyuma yake, analia arudi."

"Wiki tatu unaniangalia tu nikimtukana marehemu?"

"Niliogopa macho yako, dada."

Mshonaji akainua mkono. Tukajua kofi hilo linakuja. Mkono ukabaki hewani, ukashuka, ukashika ukuta.

"Aliondoka anatembea au anakimbia?"

"Anakimbia. Na malengelenge yake yale."

Ndipo kilio kikamtoka, kile alichokosa hata makaburini.

"Jamani, alikimbia! Mjinga wangu alikimbia!"

Alilia akiwa amejikunja mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Sisi wenye midomo mirefu tukarudi ndani mmoja mmoja, tukaacha milango wazi kidogo, maana tabia ni ngozi. Alipotulia, msusi akasimama, akajifuta pua kwa kiganja.

"Nahamia kwa mama mdogo. Hutaniona tena."

"Wanangu, chakula kinapoa," mama wa mshonaji akaita kutoka ndani, sauti yake nayo imelowa.

Msusi alikuwa ameshashuka ngazi mbili.

"We! Unakwenda wapi?" mshonaji akamwita.

Msusi akageuka.

"Sijakusamehe, nisikie vizuri. Na sijui kama nitaweza." Mshonaji akausukuma mlango kwa mgongo, ukafunguka wote. "Lakini nani mwingine atanisimulia alivyokimbia? Ingia ule."