Mwito wa Tatu

Kosa la Khalfani lilikuwa dogo tu: aliitwa mara moja, akaitika.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Magharibi imeingia, na yeye na mwenzake Polikarpo walikuwa kwenye kituo chao cha zimamoto wakikunja mipira ya maji. Sauti ya mkewe ikaita nyuma ya gari, "Baba Raudha!"

"Naam!" akajibu, akazunguka gari. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na siku hiyo hawakuwa wamezima moto wowote.

"Unamwitikia nani?" Polikarpo akauliza.

"Mama Raudha kaniita."

"Mkeo yuko Mtoni, braza. Mie sijasikia kitu."

Mzaramo mzima, aliyelelewa na bibi yake, kufanya kosa kama hilo! Mtoto wa pwani hufundishwa mapema: ukiitwa magharibi, usiitike mwito wa kwanza wala wa pili, maana jini haiti mara ya tatu. Nyumbani kwake, kando ya Mto Kizinga, Khalfani alikuwa hafunguliwi mlango mpaka aite "Mama Raudha" mara tatu. Akiita mara mbili, mkewe Rukaiya atakaa kimya kama hayumo, ubwabwa upoe ukipenda. Lakini kazi ilimfundisha kinyume. Zimamoto akiitwa mara moja anaruka, kwa kuwa anayeungua hana pumzi ya kuita mara tatu.

Alijicheka, akasahau.

Mvua ikakaa, hata watu wakaacha kuulizana itakatika lini. Alasiri moja upepo uliezua mabati, mchana ukawa giza, na Mto Msimbazi ukaingia kwenye nyumba za bondeni. Khalfani alifungwa kamba kiunoni, Polikarpo akaishika upande wa pili.

"Kizinga nao utakuwa umefurika," Khalfani alisema. "Niache nikawatoe wangu, nirudi."

Polikarpo hakumtazama. "Nenda. Ila humo ndani mna watu, na mie siwezi kushika kamba na kuogelea."

Khalfani akaingia majini. Moyo ulimuuma kwa kila hatua.

Nyumba ya kwanza alimkuta bibi kizee juu ya meza, amewakumbatia wajukuu.

"Shikamoo bibi. Tokeni upesi, maji yanapanda."

"Marahaba. Mbona unatuchanganya, mwanangu? Si wewe uliyetuita dirishani sasa hivi, ukasema tusitoke mpaka urudi?"

"Siye mie, bibi."

"Sauti ndiyo hiyohiyo," bibi akanong'ona, akawavuta watoto nyuma.

Chumba kilinuka majivu mabichi. Khalfani aliwabeba mmoja mmoja. Nyumba ya pili wakamwambia vilevile: ulikuja, ukaita mara tatu, ukatuambia tukae. Hapo alielewa alichokitoa siku ile nyuma ya gari, sauti yake, na tangu hapo alifanya kazi huku akimwona Rukaiya amekaa kitandani anasikiliza upepo, akimwona Raudha na miaka yake sita akiuliza baba anakuja lini, akiisikia sauti yake mwenyewe ikitembea mbele yake gizani, ikipita Keko, ikipita Temeke, ikishuka taratibu kuelekea Mtoni, na yeye hana ruhusa ya kuifuata kwa sababu kulikuwa na mtoto mwingine juu ya paa lingine, na baada ya huyo mwingine tena.

Wenzao walipokuja kuwapokea, hakungoja kufunguliwa kamba. Aliikata kwa shoka, akadandia lori hadi karibu na daraja la Kizinga, mengine akayamaliza kwa miguu, maji yakimfika kiunoni.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mwanga wa koroboi ulionekana dirishani.

"Mama Raudha! Mama Raudha! Mama Raudha!"

Ikasikika sauti ndogo ndani: "Mama, baba anaita."

"Nyamaza," Rukaiya alisema kwa hofu. "Baba yako si huyu hapa?"

Na Khalfani akaisikia sauti yake mwenyewe humo ndani, kavu, imetulia, kama ya mtu aliyekwisha kula na kushiba.

"Mwache. Atachoka mwenyewe."

Akaupasua mlango kwa shoka. Rukaiya na Raudha walikuwa juu ya kitanda, maji yakilamba godoro. Kando yao shuka lilikuwa limebonyea, pakavu, mahali mtu alipokaa. Mtu mwenyewe hakuwapo. Khalfani alimbeba mtoto, akamkamata mkewe mkono, naye Rukaiya akapigana naye njia nzima, akigeuka nyuma na kupiga kelele, akimwita mumewe amwokoe. Walipofika mlimani, ukuta wa uani ukaanguka, na paa likaufuata.

"Ulimfungulia?" Khalfani aliuliza baadaye.

"Aliita mara tatu." Rukaiya hakuacha kulia. "Mara tatu, baba Raudha. Ningefanyaje?"

Mganga, Bi Somoe wa Tandika, aliwafukizia ubani, akawanywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Kisha akamuuliza Khalfani, "Ulimwitikia?"

"Nilimwitikia."

"Basi sauti ulimpa mwenyewe, na mwenye sauti ya mtu huita hata mara tatu. Yeye nitamfukuza, lakini sauti siwezi kuirudisha." Akawaamuru wahame kando ya mto. "Na usiite tena mlangoni kwako. Gonga kwa chuma. Jini hashiki chuma."

Wakahamia Kibamba, mlimani, mbali na mto. Khalfani akanunua spana, akawa anagonga nayo akirudi, na akishaingia anaitundika msumarini karibu na mlango. Hata hivyo kila akifungua, Rukaiya alitazama kwanza miguu yake, kama ina kwato za jini. Usiku alilala na mtoto katikati. Kazini nako Khalfani hakuitika tena mwito wa kwanza, Polikarpo akawa anaitika kwa niaba yake. Aliwatoa watu wengi majini, na nyumbani kwake akaishi kama mgeni. Upweke ule ulimuuma kuliko mafuriko.

Masika yaliyofuata, magharibi moja, walikaa wote watatu mkekani wanakula wali na mchicha. Khalfani alikuwa amekunja miguu ndani ya msuli aliojifunga kiunoni. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya bati. Ikaja harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Mlango ukagongwa. Chuma juu ya ubao, mara tatu.

Khalfani akageuka kuutazama msumari. Spana aliyoitundika mwenyewe alipoingia haikuwapo.

Rukaiya alishusha tonge. Alimtazama mumewe usoni, akautazama msuli ulioficha miguu, akamshika Raudha mkono, wakaanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni. Khalfani alitaka kumwambia, mama Raudha, ni mie. Kabla hajafumbua kinywa, sauti ya nje ikawahi, sauti ya mtu aliyelowa, aliyetoka mbali, anayelia.

"Mama Raudha, ni mie."

Rukaiya akashika komeo.