Nyota Tano za Speciosa

Wakimbizi walipofurika Ngara, karibu kila mwenye chumba cha ziada alikigeuza gesti. Speciosa, mjane wa watu, aliuza ng'ombe wa marehemu mumewe akajenga vyumba vinne. Chakula cha watoto kilitegemea wageni. Lakini madereva wa malori ya misaada walipita tu.

Shemeji yake, Pancras, akaja na rangi, akachora nyota tano ukutani. Speciosa alipohoji, akaambiwa biashara matangazo. Basi akaziacha. Shida humfanya mtu afumbe macho, jamani.

Jioni hiyo akaingia mzee Protasi, wakala wa forodha kutoka Rusumo, anayechechemea. Aliona nyota, akalipa bila kuuliza. Alfajiri, mvua ikinyesha, alitafuta choo ndani asikione. Kilikuwa nje, chini kwenye mteremko. Maskini mzee, aliteleza akavunjika mguu.

Speciosa alilia kama aliyefiwa. Jirani yake Teddy, muuguzi, alimhudumia mzee, akampeleka hospitali. Aliporudi alimketisha Speciosa.

"Dada, mwenye hoteli hajipi nyota," alisema. "Hutolewa na wakaguzi wenye mamlaka, wakishakagua vyumba, vyoo, chakula na usalama. Nyota tano ni hoteli ya kifahari. Mzee aliamini choo kiko ndani."

"Kwa hiyo mimi nisiyekaguliwa nifunge?"

"Hapana. Kukosa nyota si kuwa mbaya. Shuka zako ni safi, vyandarua unavyo. Sema ulicho nacho, na usicho nacho ukiseme pia. Mgeni naye aonyeshwe chumba kabla hajalipa."

Speciosa alizifuta nyota kwa mikono yake, akaenda hospitali kumwomba mzee radhi. Pancras alinuna. Shauri yake.

Siku chache baadaye akaja bibi Agripina na mkongojo wake. Vyumba vyote vilikuwa vitupu, na unga nyumbani umekwisha. Speciosa akatoka kumlaki.

"Shikamoo, mama. Choo changu kiko nje, na njia inateleza. Kwenye nyumba ya wageni ya masista kuna choo cha ndani. Nitakusindikiza."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, akimtazama kwa huruma. "Wewe hukutaka pesa yangu?"

"Niliitaka sana, mama."

Jumamosi walifika vijana wanne wanaogawa maji kambini, kila mmoja na begi lake. Walisema wametumwa na bibi mmoja mwenye mkongojo. Speciosa akawaomba waone vyumba kwanza.

"Hakuna haja," alisema mkubwa wao. "Bibi ametuambia kila kitu, mpaka choo."