Majivu ya Mwezini

Giza lilikuwa linaanza kuingia mjini Baraka, kando ya ziwa, na sufuria za msiba zilikuwa hazijaoshwa.

"Pulche! We Pulche!" mama yake aliita kutoka nyuma ya nyumba. "Kamata kikopo, ulete majivu. Hizi sufuria iko nyeusi kama roho ya mulozi."

Wanawake waliokuwa wakisuuza sahani wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga kinachokatika katikati kwa aibu.

Pulchérie akachukua kikopo cha maziwa ya unga, akaenda jikoni. Majivu ya jikoni yalikuwa yamelowa. Mtu alikuwa ameyamwagia maji ya ndagala, yananuka samaki. Akatoka. Akakatiza uani. Hapo macho yake yakatua kwenye moto mwingine.

Moto wa matanga.

Uliwashwa siku Bertin aliporudishwa kutoka machimbo ya Misisi, amefungwa kwenye turubai, vumbi la shimo likiwa bado masikioni. Alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, Mama Anastasie, na Pulchérie alimwita yaya, kwa kuwa alimtangulia kuzaliwa. Shimo la dhahabu lilimfunika. Tangu aliporudi magogo yale hayakuzimika, na jioni ya kwanza Mjomba Bonaventure, msimamizi wa msiba, alisimama akasema mbele ya watu wote:

"Haya majivu, mutu asiyaguse. Marehemu anaota moto pamoja na sisi. Siku ya kumaliza kilio tutayabeba, tutayapeleka ziwani, na yeye ataenda zake. Ukiiba majivu, umeiba mutu."

Pulchérie alikuwepo. Alisikia neno kwa neno.

Lakini majivu yale yalikuwa meupe... Laini kama unga wa muhogo uliochekechwa. Yalikuwa kama ardhi ile iliyochorwa juu ya boksi la Bertin.

Boksi lenyewe Bertin alilipata sokoni, ndani ya lundo la tombola, nguo na vyombo vya mitumba kutoka Ulaya. Kona zilikuwa zimebonyea, rangi zimepauka. Juu yake palichorwa chombo cha angani chenye miguu minne, kimesimama mwezini, na watu wenye kofia za mviringo wakikipigania. Kilikuwa kitu cha kuchezea cha zamani sana, cha enzi za ujana wa babu zao, na vipande vya plastiki vya kuunda hicho chombo vilikuwa bado vimeshikana kwenye vijiti vyake, hakuna mkono uliowahi kuvigusa. Ndani mlikuwa na karatasi ya Kifaransa. Shule ilikuwa imemwacha Pulchérie njiani, kwa hiyo Bertin ndiye aliyemsomea: unajenga chombo, unakiweka mezani, kisha majeshi mawili yanapigana mwezini kukigombea, kwa zamu, kwa kurusha kete.

Hawakungoja kukijenga. Walianza vita palepale juu ya meza tupu chumbani kwa Pulchérie. Jeshi la Bertin lilikuwa vifuniko vya bia, la Pulchérie vifuniko vya soda. Mwendo wa askari walipima kwa uzi wa nyavu wenye mafundo. Walibishana mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Chombo tutajenga nikitoka Misisi," Bertin alimwambia siku ya kuondoka. "We usikiguse. Hiyo mikono ni ya kusonga fufu."

"Na yako ni ya kuchimba makaburi," Pulchérie akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Bertin akapanda pikipiki, akaenda.

Sasa wanaume walikuwa upande wa pili wa nyumba, wameinamisha vichwa, katekista anaongoza sala. Moto ulikuwa peke yake. Pulchérie alichuchumaa, akachota. Mkono wake uliingia kwenye majivu mpaka kifundo. Yangepaswa kuwa ya moto.

Yalikuwa baridi. Baridi ya udongo wa chini.

Akakificha kikopo ndani ya kitenge. Sufuria alizisugua kwa mchanga.

*

Nyumbani kwao palikuwa ng'ambo ya ua wa Mama Anastasie tu, na watu wote walikuwa msibani. Aliwasha taa ya sola, akayamwaga majivu mezani, akayasawazisha kwa kiganja. Kwa kitako cha chupa alibonyeza mashimo ya mwezini, makubwa na madogo. Kisha akafungua boksi.

Alijiambia anamfanyia Bertin. Alijiambia hivyo huku akikata vipande kwa wembe, huku akiyeyusha frigolite, lile povu jeupe linalofunikia redio mpya dukani, ndani ya petroli kidogo mpaka ikawa gundi nzito. Kutoka msibani sauti za wanawake zilikuwa zinapanda na kushuka. Wao wanamlilia, yeye anacheza. Aliona aibu, lakini mikono haikusimama. Alipofika kwenye ile miguu minne aliipaka gundi hadi magotini, kisha akainyunyizia majivu ikiwa mbichi, ionekane imetua kweli. Majivu yakanasa. Yakakauka. Yakawa kitu kimoja na plastiki.

Akapanga askari kama vita ilivyokuwa imeachwa. Alikumbuka vizuri sana. Ilikuwa zamu ya Bertin.

Kesho yake, jua lilipozama, alirudi kuchukua shuka. Alisimama mlangoni.

Kifuniko kimoja cha bia kilikuwa kimesogea.

Hakikuburutwa, majivu hayakuwa na mchirizi. Kilikuwa kimeinuliwa na kuwekwa. Pulchérie alipima kwa uzi. Mafundo matatu, kama kanuni inavyotaka. Na mwendo ulikuwa wa Bertin, ule ujanja wake wa kupitia pembeni.

Hakuna aliyeshika ufunguo wa chumba isipokuwa yeye.

Angepaswa kupiga kelele. Angepaswa kukimbia kwa Mjomba Bonaventure na kupiga magoti. Lakini kilichomjia kifuani, Mungu amsamehe, kilikuwa furaha. Akarusha kete. Akachukua kifuniko cha soda.

Akamjibu.

*

Wakacheza hivyo, jioni baada ya jioni. Yeye anacheza, anafunga mlango. Akirudi, Bertin amecheza. Na kila jioni chumba kilizidi kunuka... matope, jasho, moshi wa mishumaa ya shimoni.

Msibani, Mama Anastasie alikuwa hali chakula.

"Kula hata kidogo, dada," mama yake Pulchérie alimbembeleza, tonge mkononi.

"Sijamuona," Mama Anastasie alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Baba alipokufa, alikuya kwa ndoto kuniaga. Mama naye alikuya. Bertin wangu hakuye. Mutoto hawezi kwenda bila kuaga mama yake. Iko wapi, fasi gani? Nani anamushika?"

Pulchérie, aliyekuwa akishika bakuli la maji ya kunawa, akaliweka chini.

"Mi sitakula mpaka nimuone," Mama Anastasie alisema. "Mukitaka, munizike na mimi kando yake."

Jioni hiyohiyo Mjomba Bonaventure alimkuta Pulchérie karibu na moto. Alinyoosha fimbo, akaonyesha shimo kwenye majivu, saizi ya kikopo.

"Nani alichimba hapa?"

"Labda ni kuku, mjomba."

Mzee alilipima shimo kwa ncha ya fimbo.

"Kuku," alisema polepole. "Hawa kuku ya siku hizi bako na vidole."

Akaondoka. Afadhali angempiga.

Kilio kilikuwa kimalizwe kesho alfajiri. Pulchérie aliamua. Atayarudisha majivu yote, kabla mwanga wa mwisho haujakwisha. Mama mkubwa ataota, atakula, ataishi. Akachukua kikopo, akavuka ua, akaingiza ufunguo mlangoni.

Akasikia.

Shhh... Shhh...

Kama mchanga unaomwagika. Kisha mguno. Kisha kikohozi kikavu, cha mtu mwenye vumbi kooni.

Akasukuma mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Sauti ilikatika palepale.

Mezani vifuniko vyote vilikuwa vimepinduliwa. Yale mashimo aliyoyabonyeza kwa kitako cha chupa hayakuwa tena mashimo ya mchezo. Yalikuwa yamechimbwa mpaka kwenye ubao, kifusi kimerundikwa ukingoni, kama midomo ya machimbo. Alileta taa karibu. Kwenye ubao kulikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Aliinama, akapitisha mkono chini ya meza. Mbao za chini zilikuwa zimekwaruzwa pia. Zaidi ya za juu.

Mtu alikuwa anachimba kutoka chini.

"Yaya?" alinong'ona.

Taa ikafifia. Pumzi baridi, yenye harufu ya udongo, ikamgusa sikioni.

"Pulche... turu yako."

Zamu yako. Ndivyo alivyokuwa akimwambia kila alipokuwa anachelewa kucheza.

Hakucheza. Aliyakusanya majivu kwa mikono miwili, huku analia, huku akisema nisamehe, nisamehe yaya. Aliyakomba mpaka ubao ukabaki mtupu. Akakimbia uani na kikopo, na kwa kuwa watu walikuwa wanakula, akayamimina mahali alipoyatoa. Moto ukatoa mlio mmoja, kama mtu aliyeshusha mzigo.

*

Alfajiri wazee waliyazoa majivu kwenye kapu la zamani, wakashuka nayo ziwani. Maji yalikuwa yametulia, rasi ya Ubwari imelala ng'ambo kama mgongo wa mnyama. Mjomba Bonaventure aliyamwaga. Akasema jina la Bertin, akamwambia aende, asigeuke nyuma. Wanawake wakanawa uso. Pulchérie alinawa mara nyingi kuliko wengine.

Adhuhuri Mama Anastasie alisinzia kwenye mkeka. Alipoamka alimwita Pulchérie peke yake.

"Nimemuona," alisema.

Pulchérie akamsogelea. "Alikuaga, mama mukubwa?"

"Alisimama mbali. Nikamwambia, sogea mwanangu. Akasema, siwezi kutembea. Nikatazama miguu... toka magoti kushuka chini, haikuwa miguu ya mutu. Iko kijivu. Ngumu. Kama kitu walibandika." Alimshika mkono. "Pulche, mwanangu, we na Bertin mulikuwa na siri zenu. Ile ni nini?"

Pulchérie aliuchomoa mkono. Alikwenda chumbani kwake, akachukua wembe, akakikamata chombo. Akakwangua mguu wa kwanza. Plastiki ikatoka pamoja na majivu, kisha ndani yake majivu mengine, kama vile gundi iliyanywa. Na kila alipokwangua, chini ya meza kitu kilivuta pumzi kwa maumivu.

Akaacha.

Angekichoma? Angemchoma nani? Angekitupa ziwani? Wazee walikwisha kumwambia aende, na yeye alikuwa amemfunga miguu. Alikaa sakafuni, akaelewa kwamba hakuna jambo ambalo angeweza kulifanya peke yake na likawa sawa. Basi akakiviringisha kwenye kitenge, akakibeba, akaenda kupiga magoti mbele ya Mama Anastasie.

Alisema yote. Kikopo. Kuku. Vifuniko. Kucha kwenye ubao. Hakuacha hata ile furaha.

"Unipige, mama mukubwa," alimaliza. "Ama tuite mjomba, anitangaze mbele ya batu. Yeye atajua namna ya kumufungua yaya."

Mama Anastasie hakumpiga. Alikichukua chombo kwa mikono miwili, akakigeuza, akaigusa miguu yake mmoja baada ya mwingine. Mguu wa kwanza, ule uliokwanguliwa, aliubusu.

"Mjomba atafanya nini?" aliuliza.

"Atamwambia aende."

"Aende."

"Ndiyo, mama."

Nje mtu alikuwa anavunja turubai la msiba, miti inaanguka mmoja mmoja. Kisha Mama Anastasie aliinuka, kwa mara ya kwanza bila kushikwa, akaenda kufunga mlango. Akaingia jikoni, akarudi na ungo wa unga wa muhogo, ule aliokataa kuula. Akaumwaga juu ya meza yake. Akausawazisha kwa kiganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mtoto. Katikati akakisimamisha chombo.

"Mama mukubwa... hapana," Pulchérie alinong'ona. "Anaumia kule."

"Usipaze sauti. Bonaventure atasikia." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Lete hivyo vifuniko. Nionyeshe. Munachezaje?"

Pulchérie alitazama mlango uliofungwa. Yeye ndiye aliyemnyang'anya mama mtoto wake, na sasa mama anamdai. Atakataa kwa mdomo gani?

"Ya bia ni yake," alisema. "Ya soda... itakuwa yako."

Wanasema siku hizi Mama Anastasie anakula, na ananenepa, na majirani wanamsifu Mungu. Mjomba Bonaventure bado anauliza kwa nini jua likizama mama huyo hafungulii mtu mlango. Pulchérie hamwambii. Akipita nje ya dirisha lile huziba masikio, lakini vidole havizibi kila kitu. Kwanza husikia kete zikibingirika. Kisha sauti ya mama, tamu, yenye subira...

"Haya, mwanangu. Turu yako."

Na kisha, chini ya meza, kucha.